Uzinduzi wa Kituo cha Figo na Chumvi, Pugu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma salamu, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani tangu juzi, masheikh, wachungaji, wazee wangu shikamooni, kinamama wa vikoba, stekiholda wote, wanahabari ambao nimeambiwa kamera zao hazina chaji, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya wastani.)

Mimi, Brightson, Mwenyekiti wa Kamati ya Uratibu Shirikishi wa Figo, Chumvi na Maji ya Mwilini, nasimama hapa kifua mbele kwa sababu takwimu hazidanganyi, na zikidanganya tunazo nyingine. (Vicheko.) Mwaka jana kamati yangu ilifanya tathmini ya kutazama watu kwa macho, ikabaini kuwa unene mtaani hapa umepanda kwa asilimia arobaini na moja, ishara ya lishe bora, nami nikamteua dada yetu Chausiku, muuza mihogo ya kukaanga, kuwa Balozi wa Lishe, picha yake tukaibandika kwenye bango, mashavu yameumuka kama maandazi.

Kumbe, ndugu wananchi, Chausiku alichoka kuitwa kijiti na mawifi zake, akawa anameza vidonge vya kunenepesha vilivyouzwa kwenye kopo lisilo na jina, miezi mitatu mfululizo. Siku moja viatu vikagoma kuingia, pumzi ikambana kwenye kilima, akaenda kwa jirani yake Flaviana, nesi mstaafu, ambaye alimbonyeza mguu kwa kidole gumba, na shimo likabaki palepale.

"Mwanangu, huu si unene," Flaviana akamwambia. "Haya ni maji."

"Mbona mie nakunywaga kidogo tu, shangazi?"

"Hujayanywa mengi, umeyazuia. Vidonge hivi ni steroidi, ndugu wa homoni zinazotoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo. Zikizidi, figo haiachii chumvi itoke na mkojo, inairudisha kwenye damu, na maji yanaifuata. Ndiyo maana presha yako iko juu. Lakini usiviache ghafla, mwili umeshavizoea. Twende hospitali wakupunguzie taratibu."

Alilazwa siku tisa, na ninayo furaha kuwataarifu kuwa alipungua kilo kumi na moja za maji, mafanikio ambayo kamati yangu imeyaingiza kwenye utekelezaji wa awamu ya kwanza. (Chausiku, kutoka mstari wa nyuma: "Mheshimiwa, niliyekojoa ni mie, si kamati." Vicheko virefu.) Mchango umepokelewa. Bango litafanyiwa mapitio.

Kituo hiki kitakuwa na maabara jumuishi ya sodiamu, dawati la malalamiko ya mkojo, na ofisi tatu za mwenyekiti kwa ajili ya monitaringi. (Sauti: "Kiko wapi?") Maswali baadaye. Tuseme pamoja: chumvi itoke. (Itoke.) Maji yaifuate. (Yaifuate.) Kamati ibaki. (Kimya.)

Kwa kumalizia, namshukuru Mzee Hashil kwa kutuazima ukuta wa duka lake tukatie utepe, na fundi rangi aliyetuchorea mlango juu yake, na zaidi nawashukuru nyie kwa uvumilivu, maana kituo chenyewe hakijajengwa, hakijaombwa, na kiwanja tulichokitaja kwenye ripoti ni ua wa Flaviana anapoanikia kanga zake. Wenye miguu iliyovimba wapige hodi hapo, yeye yupo.