Madamu Ana Pembetatu

Jamani, leo nimeaibika, na aliyeniaibisha ana miaka minne.

Mnajua nimehamia Muyinga kufundisha watoto wa chekechea. Leo direktrisi wetu, yaani mwalimu mkuu, alikuwa aje kuangalia somo langu, kisha aamue kama nibaki na darasa au nirudi kwetu Gitega, kule Buraza, nikalime maharage. (Mimi na jembe hatuelewani.) Nikachagua somo jepesi: maumbo, kwa kuchora.

Duara lilikwenda vizuri. Tulizungusha kalamu kwenye midomo ya vikombe, watoto wakapaka rangi karatasi, meza na pua zao. Mraba nao haukunisumbua. Tukafika kwenye pembetatu. Nikakunja gazeti, nikatengeneza kofia yenye ncha tatu, nikaivaa. (Hapo nilijiona fundi.)

"Angalieni kichwani kwangu. Madamu ana pembetatu. Semeni."

"Madamu iko na pembe tatu!" wakaitikia kwa furaha.

"Safi sana. Sasa nichoreeni."

Wakainama kuchora. Darasa likatulia, nikavua kofia, nikasimama mlangoni kumpokea direktrisi huku nikitabasamu kama bibi harusi.

Sasa, ingawa kwetu ni Gitega, mimi nimekulia Tanzania. Kwangu pembetatu ni umbo. Kwa hawa watoto wa Muyinga, pembe ni ya ng'ombe, basi.

Direktrisi akaokota karatasi moja. Akaokota nyingine. Akamgeukia Zaina, kabinti ka mbele.

"Huyu ni nani?"

"Ni Madamu."

"Na hizi kichwani?"

"Ni pembe. Alisema mwenyewe iko nazo tatu."

Nikachungulia. Ni mimi kweli, mdomo mkubwa, miguu ya vijiti, na pembe tatu ndefu. Darasa zima! Zaina alikuwa ameniongezea na mkia.

"Mkia nao wa nini?" nikauliza. (Ningenyamaza tu.)

"Ng'ombe yote iko na mkia, Madamu."

Direktrisi akakaa kwenye kiti cha mtoto, akacheka mpaka akafuta machozi. "Madamu, hapa ungesema kona. Kona tatu." Akahema kidogo. "Lakini utabaki. Sijaona watoto wanamusikiliza mwalimu hivi."

Nikafurahi, nusura nimkumbatie. Kisha wazazi wakaja kuchukua watoto, na mama yake Zaina akanipa mkono kwa heshima zote:

"Bonjour, Madamu Pembe."

Kazi nimepata. Jina nililopewa na wazazi wangu ndiyo hivyo tena, na atakayecheka namchora mkia.