Kuhusu Taa Nyekundu Mbele ya Kibanda Changu

Kwa Bi. Everlyne, Afisa wa Afya ya Umma,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wenzako wote ofisini. Mimi ni Obadiah Kimeu, mchoma nyama hapa Voi, huu mwaka wa kumi na moja. Nakuandikia kwa heshima nyingi na uchungu kiasi.

1. Mwezi jana fundi wenu Derrick alifunga kipima-hewa kwenye nguzo mkabala na kibanda changu bila kuniuliza. Hewa ikiwa safi, taa yake huwa kijani, ikichafuka, nyekundu. Kila nikiwasha jiko, nyekundu. Ni kweli mkaa wangu nauwashia vipande vya tairi, lakini hiyo ni siri ya kazi, na kifaa kinaitangaza barabara nzima.

2. Mwanzoni niliwaambia wateja kwamba nyekundu maana yake nyama imeiva. Biashara ikapanda wiki mbili. Ndipo Cynthia wa ofisi yako akaja kubandika karatasi ya kueleza rangi. Je, huo ni uungwana?

3. Mwalimu Mwandawiro, mteja wangu tangu siku ya kwanza, sasa hufika, akaitazama nguzo, akageuza. Aliniambia, "Kimeu, nyama yako naipenda, lakini mapafu ninayo mawili tu." Kwani zamani alikuwa nayo mangapi?

4. Watu walikohoa hapa kabla ya kifaa, na bado wanakohoa. Basi hakitibu.

5. Nilijitolea kusaidia utafiti. Nilikifunika kwa gunia, taa pekee nikaiacha wazi, nayo ikawa kijani mchana kutwa. Derrick akaja akalivua, ikarudi nyekundu. Nauliza kwa unyenyekevu: kati yetu wawili, nani aliyechafua hewa ya Voi?

Kwa hivyo naomba gunia lirudishwe rasmi. Ikishindikana, kifaa kipelekwe Makwasinyi kwenye hewa nzuri, na matokeo yaandikwe kuwa ya Voi. Hata shuleni, mwanafunzi mmoja hodari huinua wastani wa darasa zima.

Nisalimie Cynthia, Derrick, na kila mwenye pua hapo ofisini.

Ni mimi, mwananchi mwenye moshi wake,
Obadiah Kimeu

Tanbihi, wiki moja baada ya kuandika hayo ya juu: Msikihamishe kwanza. Tunaishi nyuma ya kibanda, na mke wangu Jedidah huitazama ile taa kabla ya kumtoa nje binti yetu Ndila, mwenye pumu. Juzi tairi ziliniishia, nikawasha kwa magunzi ya mahindi. Taa haikuwa nyekundu, na mtoto alicheza hadi jioni bila kuhema. Tangu hapo sijagusa tairi. Kiacheni papo hapo kilipo.