Roboti Anayemtambua Mkubwa

Mambo ya Kinanda yaliharibika Jumanne, tarehe tisa mwezi wa sita, saa nne asubuhi, na aliyeyaharibu ni kalamu. Mpaka dakika ile yalikuwa yananyooka kuliko alivyostahili.

Yalianzia kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mji. Kituo cha vijana, lilisema tangazo, kinatafuta roboti wa kutembea kwa miguu miwili, ambaye vijana watamuunganisha wenyewe kwa burudani. Wenye bidhaa waje wamwonyeshe mkurugenzi wa mji. Kituo chenyewe hakikuwa na umeme wala choo, lakini wakubwa wakishaona kitu kwenye simu zao, vijana watakitaka tu. Kinanda, aliyeitwa hivyo kwa sababu ukimgusa kidogo anatoa sauti tamu, alilisoma tangazo mara mbili, akatabasamu, akaenda nyumbani kutafuta msumeno.

Roboti alimuunda kwa bati, na miguu miwili ya mbao inayoning'inia kwenye msumari. Mota hana, betri hana. Ukimweka penye mteremko mdogo anayumba kushoto, anayumba kulia, na kila akiyumba mguu unajitupa mbele, kama mlevi anayerudi nyumbani kwa adabu. Kilichokosekana ni mteremko tu.

Nyumbani palikuwa na meza moja, ya marehemu mkewe, fundi cherehani, ambayo alikatia nguo za nusu ya mji. Marehemu alifia kwenye baraza ya zahanati akisubiri gari la wagonjwa. Gari halikuwa na mafuta siku hiyo. La mkurugenzi lilikuwa nayo. Baada ya mazishi Kinanda aliuza kitanda, akauza cherehani, lakini meza hakuigusa. Sasa alipiga magoti, akaikata miguu miwili ya upande mmoja, unene wa kidole, na vile vipande akavitia mfukoni.

"Nitakurudishia, mke wangu," aliiambia meza. "Nakuazima tu."

Jumanne hiyo, ofisini kwa mkurugenzi, mshindani wake alikuwa muuza kompyuta, aliyekuja na roboti halali mwenye mota kila kiungo. Roboti halali alisimama, akainua mguu, akatetemeka, akaanguka kifudifudi. Muuza kompyuta alieleza kwamba roboti wa kweli ndivyo walivyo, vijana watajifunza kwa kumrekebisha. Alisema kweli tupu, na haikumsaidia.

Kinanda aliingiza meza yake mwenyewe, imefunikwa kitambaa mpaka chini, akieleza kwamba roboti wake ni mgeni na hajazoea meza za watu. Upande wa miguu iliyokatwa akauelekeza kwenye kiti cha mkurugenzi.

"Mheshimiwa, watu wanachagua roboti kwa kuhesabu mota," alisema. "Wanapotea. Roboti unamchagua kwa tabia."

Akamwachia. Roboti akatembea meza nzima, tapu, tapu, mpaka akagota kwenye tumbo la mkurugenzi.

"Mbona amekuja kwangu?"

"Anamtambua mkubwa."

Mkurugenzi alijiweka sawa kitini. Akataka roboti atumwe kwa mhasibu, aliyeketi upande wa pili. Kinanda akainamisha kichwa kwa masikitiko.

"Hawezi kukupa mgongo, mheshimiwa. Ndivyo alivyolelewa."

Basi. Muuza kompyuta alishukuriwa, akaonyeshwa mlango. Mkurugenzi akashika kalamu atie saini, simu ikalia, akaiweka kalamu mezani. Kalamu ikabingirika ikamwangukia mapajani. Akairudisha. Ikamrudia. Mkurugenzi huyu aliwahi kula barabara nzima, lami na mitaro yake, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa. Akawatoa wote nje, akabaki na Kinanda.

"Fundi, niite polisi au tuelewane?"

"Tuelewane, mheshimiwa."

"Roboti anabaki. Meza inabaki. Jumanne ijayo mkubwa wangu anakuja kukagua miradi. Wewe na mimi hatujaonana."

"Roboti mchukue. Meza ni ya marehemu mke wangu."

"Basi marehemu amewachangia vijana," alisema mkurugenzi, akaenda kufungua mlango.

Kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lile, Kinanda aliguswa asitoe sauti.

Jumanne iliyofuata alifika mapema na mkokoteni, akauacha karibu na geti. Katibu wa mkurugenzi alimkuta mlangoni. Gauni la harusi la mama huyo lilikatwa juu ya meza ile ile. Kinanda alimwambia anataka kuiaga tu. Mama akamtazama usoni, akatazama mfuko wake uliotuna kwa nyundo na vile vipande vya mbao.

"Nakwenda kuchemsha chai," alisema. "Na chai yangu huchelewa, shemeji."

Mkubwa alipofika na wapambe wake, alikalishwa upande ule ule. Mkurugenzi alikuwa ameyakariri maneno yote ya Kinanda, ya tabia, ya malezi, akaongeza na yake: kwamba roboti huyu humwendea mkubwa popote alipo, hajawahi kukosea. Akamwachia. Roboti akayumba kushoto, akayumba kulia, akatulia. Mkurugenzi akamsukuma kwa kidole. Roboti akalala chali.

Kabla ya adhuhuri meza ilikuwa imetupwa nje ya geti, watu wa mkubwa wasije wakainama kuichungulia. Kinanda aliipandisha mkokotenini, akaisukuma mpaka nyumbani, akaiweka mahali pake. Halafu akaweka kalamu juu yake. Haikwenda popote.

Lakini kule ofisini kuna swali lililobaki hewani. Mkubwa aliliuliza polepole, akimtazama roboti aliyelala, kisha mkurugenzi:

"Kama huyu humwendea mkubwa, na kwangu amekataa kuja, basi hapa mkubwa ni nani?"