Kompyuta ya Kuunda Mwenyewe na Zamu ya Ijumaa

Jumatatu, 9 Januari 2023

Baridi, digrii ishirini na sita chini ya sifuri. Kompyuta imekufa. Saa mbili asubuhi ilikohoa, ikatoa mstari wa bluu, ikazima. Nimeibonyeza, nimeibembeleza, nimeipiga kofi. Wapi!

Tuija alikuwa katikati ya ukoo wa mama yake. Miaka mitatu anautafuta kwenye vitabu vya zamani vya kanisa, na amefika kwa mfua chuma mmoja wa Paltamo ambaye sasa kakwama humo ndani. Akasema twende dukani leo leo, tununue iliyo tayari, tuichomeke, aendelee na mfua chuma wake. Mke wangu ni mtu mwema, lakini hana makuu.

Nikamwambia haiwezekani. Nimefundisha watu wa mji huu wa Kajaani udereva kwa miaka thelathini na moja, na siku zote nilikuwa na breki yangu mwenyewe upande wa abiria. Siwezi kutumia mashine ambayo sijui nani kaikaza skrubu. Nitanunua vipande, nitaiunda kwa mikono hii. Tuija akauliza kama nimewahi kuunda kompyuta. Nikamjibu kwamba hata aliyeunda ya kwanza hakuwa amewahi. Akaenda zake jikoni. Nimeshinda!

Jioni nikashusha taka. Kwenye banda la taka nikamkuta Jorma wa ghorofa ya kwanza na mkewe Eila. Jorma ni mwenyekiti wa bodi ya jengo letu. Kila siku anabandika tangazo ubaoni na kulitia sahihi utadhani anatangaza vita. Alinunua kompyuta ya dukani mwezi wa Novemba na hajaacha kuisifu. Nilipomweleza mpango wangu akanipiga kijembe: "Unda tu, bwana Taisto, ila usisahau kualika zimamoto." Eila akacheka. Damu ikanichemka. Nikasema ikifika Ijumaa saa moja jioni itakuwa inawaka mezani kwangu. Akauliza, isipowaka? Nikasema isipowaka, chukua zamu yangu ya sauna!

Hata Eila aliacha kucheka. Sauna ya jengo, chumba cha kuogea mvuke, ni moja, iko chini kabisa, na nyumba ni ishirini na nne. Kila nyumba ina saa yake moja kwa wiki. Ijumaa saa moja jioni ni yetu, mimi na Tuija, mwaka wa kumi na tisa huu. Kuna watu humu wanaongoja wenzao wafe ili waipate Ijumaa. Jorma alihamia juzi juzi, miaka sita tu, akapewa Jumanne saa kumi, wakati ambao mtu hajafanya hata kazi ya kumtoa jasho. Alivua glavu akanipa mkono. Nikaushika kwa nguvu kuliko alivyotarajia.

Tuija sijamwambia. Kesho naenda kununua vipande.

Jumanne, 10 Januari

Dukani. Muuzaji ni mama mmoja mwenye mafua na miwani mnyororoni. Akaniuliza kompyuta ni ya kazi gani. Nikasema kazi nzito. Nzito ipi? Kutafuta ukoo. Akanivuta mpaka kwenye rafu ya zile zilizo tayari, akasema hii hapa inatosha na itabaki, tena ikikusumbua unairudisha. Kurudisha! Sijawahi kurudisha kitu dukani tangu nizaliwe, hata viatu vilivyonitoa malengelenge siku ya harusi yangu.

Nikajaza kikapu: kasha, bodi kuu, prosesa, kumbukumbu, diski, feni na kile kisanduku kizito cha umeme. Vitu vya kupendeza. Nimevipanga kitandani upande wa Tuija ili nivitazame.

Yule mama akanionya. Alisema majira haya hewa imekauka, mtu akivaa sufu anajaa umeme mwilini, na cheche moja ndogo isiyoonekana inaua bodi pale pale. Kisha akanitazama kutoka kofia hadi soksi. Nilikuwa sufu mtupu. Akataka kuniuzia bangili yenye waya ya kuutoa huo umeme. Nikamwambia saa yangu ya mkononi inanitosha.

Jumatano, 11 Januari

Nilianza saa tatu asubuhi kwenye meza ya chakula. Nikanyoosha mkono kuchukua bodi. Paa! Cheche, kwenye mguu wa taa. Nikavua sweta. Paa! Kwenye kitasa cha mlango. Tuija akaja kunibusu aondoke zake, paa, kwenye pua. Akasema mume wangu, umekuwa waya. Nikamwomba asitembee kwenye zulia mpaka Ijumaa. Akauliza Ijumaa kuna nini. Nikajitia kukohoa.

Nikaona dawa ni mvuke. Nikabandika masufuria manne ya maji jikoni, yote yakichemka. Baada ya saa moja madirisha yameganda barafu kwa ndani, karatasi ya ukutani imeanza kubanduka, na Tuija karudi, kasimama mlangoni na koti lake. Akasema kwa upole kwamba duka linafungwa saa mbili usiku na hakuna atakayejua. Nikasema nitajua mimi. Nikayaepua masufuria kwa shingo upande.

Halafu, nikiwa nimekaa chooni, likanijia. Sauna! Mbao na vigae, hakuna zulia. Hewa yake ina unyevu siku zote. Na sauna mtu haingii na nguo, kwa hiyo hakuna sufu, kwa hiyo hakuna cheche. Jibu liko chini ya miguu yangu tangu zamani. Alhamisi zamu ya kwanza ni saa kumi na mbili jioni, na jiko la kupasha mawe linajiwasha lenyewe nusu saa kabla. Kuanzia saa nane mchana hapo chini ni kwangu. Sijui kwa nini viwanda havifanyi hivi.

Alhamisi, 12 Januari

Naandika nikiwa nimefunikwa blanketi. Lakini ukweli uandikwe.

Saa nane na robo nilikuwa sauna, uchi, benchi la juu, kwenye taulo, vipande vimenizunguka. Kazi ilienda vizuri ajabu. Hakuna cheche hata moja! Prosesa ilikaa, kumbukumbu ikaingia kwa mlio mtamu, feni ikashika. Nilipiga mluzi. Nilihisi joto. Nikadhani ni fahari.

Haikuwa fahari. Jiko lilikuwa linawaka. Ubaoni kulikuwa na tangazo kwamba wiki hii bibi Hilkka wa ghorofa ya tatu atapewa Alhamisi saa tisa, maana zamu yake iligongana na daktari. Tangazo lilikuwa na sahihi ya Jorma, na mimi matangazo ya Jorma siyasomi. Huo ni msimamo.

Mlango ukafunguka, akaingia bibi Hilkka mwenyewe, umri miaka themanini na mbili, bila miwani, bila hata uzi mwilini. Nikajisitiri kwa bodi kuu. Akasema, "Taisto, ni wewe? Kaa tu, baba, nilizaa wavulana watano." Akauliza hiyo redio ya nini. Nikasema si redio. Hakusikia. Akapanda, akakaa karibu yangu, akachota kata ya maji, akaimwaga kwenye mawe.

Ningeweza kutoka. Nimelifikiria jioni yote. Lakini katika nchi hii mtu mzima hamwambii mwenzake asimwage maji, na mwanamume wa miaka hamsini na tisa hatoki sauna kabla ya bibi wa themanini na mbili. Siku ya pili ingekuwa habari ya jengo zima. Nikakaa. Akamwaga ya pili. Akauliza kama inanizidi. Nikasema aongeze! Nilisema hivyo, kwa mdomo huu. Akaongeza ya tatu, ya nne, huku akinisimulia nyonga yake. Mvuke ukawa mzito, sikuona magoti yangu. Niliikumbatia bodi kifuani. Feni ilianza kulainika mkononi. Kwenye kata ya saba bibi Hilkka alisema basi, yeye anatosheka, akateremka polepole ngazi kwa ngazi. Nikahesabu hadi kumi, nikamfuata.

Sikushindwa. Hilo liandikwe. Ila bodi inatoa maji kwenye kona.

Ijumaa, 13 Januari

Nimekausha vipande vyote kwa mashine ya Tuija ya kukaushia nywele tangu asubuhi. Feni imepinda kidogo lakini imeingia kwa kubembeleza na nyundo. Saa kumi na moja jioni kasha limefungwa. Linapendeza. Zimebaki skrubu nne, nimeziweka mfukoni, za akiba.

Saa moja kasoro dakika kumi kengele ikalia. Jorma mlangoni, taulo begani, ndoo mkononi, Eila nyuma yake. Tuija akashangaa. Yeye pia alikuwa na taulo lake na nguo safi amezikunja, tayari kwa Ijumaa yetu. Akawakaribisha. Nikasema tazameni! Nikabonyeza.

Feni ikageuka. Mara moja na robo, naapa. Kisha ikatoa harufu ya samaki aliyeungua, na taa ya jikoni ikazima.

Nikasema imewaka, mmeiona wenyewe. Jorma akasema yeye hakuona kitu, labda amuulize Tuija, maana kila mtu humu ndani anamjua Tuija hasemi uongo. Akamuuliza: imewaka, haijawaka? Tuija akanitazama kwa huruma, hajui chochote maskini, akasema haijawaka. Jorma akasema basi, Ijumaa ni yetu, nyinyi chukueni Jumanne yetu. Tuija akauliza Ijumaa gani.

Nilitamani sakafu inimeze. Jorma akamweleza, tena bila kejeli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Tuija hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alibaki ameshika lile taulo, masikio mekundu. Eila akaona aibu, akamshika mkono akamwambia, "Twende mimi na wewe kwanza, dada, hawa wanaume watangoja." Na mke wangu akaenda! Kwenye Ijumaa yetu, na watu wengine, bila kugeuka.

Jorma kashuka na ndoo yake, nimekaa peke yangu jikoni gizani. Mabomba yanalia, maana yake chini huko wanaoga. Nina huzuni, sikatai. Lakini feni iligeuka.

Jumamosi, 14 Januari

Tuija ametoka saa tatu asubuhi, karudi saa nne na nusu na kompyuta ya dukani. Ameichomeka. Dakika saba! Saa tano alikuwa na mfua chuma wake. Nilipita nyuma ya kiti mara nane bila kutazama.

Baada ya chakula akaniambia nikae. Alisema kompyuta haimuumizi, hata ningeunda ndege jikoni angezoea. Kinachomuumiza ni kwamba Ijumaa ilikuwa yetu wote wawili. Alisema wiki nzima yeye humvumilia Taisto mwenye kelele kwa sababu anajua Ijumaa atakaa kwenye lile benchi na Taisto mwingine, asiyesema kitu. Na mimi nimeichukua nikaiweka dau kwenye banda la taka, bila kumuuliza.

Nikasema ana haki. Nikamwambia nisamehe. Akanishika shavu, akasema basi, kuna Jumanne, tutaizoea. Kulikuwa na cheche ndogo lakini hatukuitaja.

Nimeamua kubadilika. Kuanzia sasa chochote kilicho chetu wote, kwanza namuuliza Tuija.

Jumapili, 15 Januari

Baridi imepungua. Tuija na Eila wameenda kuteleza kwenye theluji msituni, eti sasa ni marafiki. Nikatoka kupata hewa, nikamkuta Jorma anahangaika kuwasha gari. Maegesho yake hayana nguzo ya umeme ya kupasha injini moto. Yetu yanayo. Nilimsalimia vizuri, kama mtu aliyebadilika.

Akasema jana Tuija kamwambia Eila kompyuta inakwenda vizuri. Akasema unaona sasa, bwana, kitu cha kiwandani ni cha kiwandani. Nikamwambia hata hiyo ya kiwandani naweza kuifungua yote, nikaiunganisha upya, ikakimbia mara mbili. Akacheka. Akacheka sana! Ningefanyaje? Nimeweka dau maegesho. Ikiwaka kabla ya Jumanne saa moja jioni, Ijumaa inarudi kwetu. Isipowaka, nguzo ni yake. Maegesho ni yetu wote, ni kweli, lakini Tuija majira ya baridi haendeshi, kwa hiyo kumuuliza kungekuwa kumsumbua tu. Na Ijumaa naitafuta kwa ajili yake.

Kosa nimelijua. Benchi la juu! Joto lote hupanda juu, mtoto yeyote anajua. Kuunganisha nitafanyia sauna, Jumanne saa kumi, zamu yetu halali, benchi la chini.

Ile ya dukani nimeshaifungua. Skrubu kumi na moja zimetoka vizuri, na ile karatasi ya dhamana iliyobandikwa juu ya ya kumi na mbili imechanika kidogo tu. Nasikia Tuija anakung'uta theluji ngazini. Nimelifunika kasha kwa taulo lake. Jumanne atanishukuru.