Shuka Jeupe, Piga

Jumatatu, 3 Machi
Kamati imeketi. Tunachagua ndege ya kuwasaidia askari wa miguu huko mpakani. Ziko mbili: jeti, na ile kuukuu ya pangaboi puani, ofisini tunaiita Feni. Mimi jeti. Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, Feni. Ati inazunguka taratibu, rubani anamwona adui na anamwona mwenzake. Nikamuuliza tunakwenda vitani au kutazama maua. Wakubwa wakacheka. Kiti cha ukurugenzi nakiona hivi!

Jumanne, 4 Machi
Shemeji kapiga simu toka mpakani. Sajenti, mdogo wa mke wangu. Ati shem, tuleteeni Feni bwana, jeti inapita kama imeiba. Nikamwambia mambo ya kitaalamu aniachie. Mke wangu alisikia. Nimelala njaa.

Alhamisi, 6 Machi
Majaribio kesho. Rubani wa jeti kaninong'oneza kwamba kwa mwendo ule shabaha hazioni. Balaa! Nimebeba mashuka meupe ya zahanati, nimezitandikia shabaha zote. Kiuno sina. Marubani wote nimewapa somo moja: penye shuka jeupe, piga.

Ijumaa, 7 Machi
Jeti haikukosa hata moja! Feni ikaja kukuta moshi. Miwani akadakia: si askari wetu ndio hutandika meupe wakijitambulisha? Nikakohoa mpaka chai ikaletwa. Jeti zinakwenda mpakani.

Jumanne, 8 Aprili
Jana kikosi cha shemeji kilibanwa bondeni. Wakaomba ndege. Wakatandika mashuka, rubani ajue hapa ni wenzake.
Jeti ilifika upesi sana.

Ijumaa, 11 Aprili
Tumemzika shemeji. Jeneza jepesi, hatukuruhusiwa kulifungua. Miwani kajipenyeza kulibeba mbele yangu. Anapenda kuonekana yule! Mke wangu kaniuliza neno moja tu: mashuka yapi? Nikatazama viatu. Amehamia kwa mama yake.

Jumatatu, 14 Aprili
Kamati tena. Miwani akaanza: Feni, Feni. Nikamkatiza. Ndege haina kosa, nikasema, kosa ni rangi. Kuanzia leo askari wetu watandike mekundu. Wakubwa wamepiga meza! Majaribio mapya Ijumaa.
Rubani kaniuliza safari hii shabaha atazionaje. Nimemwambia alale usingizi. Meupe yana nuksi. Mke wangu kaacha mashuka kabatini, mazito, yanaonekana toka mbali. Mekundu.