Gwaride la Mwanafunzi Mmoja

Jamani, leo nimevuliwa nguo hadharani. (Si nguo za kweli, tulieni.) Na aliyenivua ni binti yangu mwenyewe.

Mnajua Mumbi nilimtoa shuleni muhula uliopita. Kila asubuhi tumbo lilikuwa likimuuma, daktari anatafuta ugonjwa hauoni, kumbe ni mwalimu wake wa kupiga kelele. Nikasema basi, atasomea nyumbani, hapa hapa Midrand, Afrika Kusini. Kazi ikawa kuchagua mtaala. Tulipewa miwili ya kujaribu, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kuamua.

Wa kwanza una ratiba kali na mtihani kila Ijumaa. Wa pili unataka mtoto asome hadithi, aulize maswali, apime unga jikoni. Apime unga! Mimi niliyelelewa na shule ya bweni kule Nyeri niliuona huo ni mchezo wa watoto. Mumbi aliupenda sana, lakini nani alimuuliza?

Basi leo asubuhi nikaamua kuujaribu ule wa kwanza kisawasawa. Na shule bila gwaride ni shule gani? Nikatundika rimu kuukuu ya gari nje ya gereji, kama ile kengele yetu ya shule ya msingi, nikaigonga kwa spana. Ng'aa! Ng'aa! Mbwa wote wa mtaa wakajibu.

Mumbi akatoka na sweta lake, mkono tumboni.

"Mama, tumbo linauma."

"Simama wima. Litapoa kwenye hesabu." (Ndiyo, nilisema hivyo. Mungu alisikia.)

Sasa, mwanafunzi mmoja hafanyi mstari. Nikamwita Baba Mumbi, ambaye leo alikuwa anafanyia kazi nyumbani. Akaja na shati na tai juu, pajama chini. "Mikono kando!" Akatii, maskini, ananijua. Nikaigonga rimu tena, nikaanza wimbo wa taifa.

Kumbe jirani amesikia chuma, akadhani mtu anavunja gereji, akabonyeza kitufe cha hatari cha kuita walinzi. (Huku Joburg hatuchungulii, tunabonyeza.) Sijamaliza ubeti wa kwanza, gari la ulinzi hilo getini! Askari wawili, bunduki mkononi. Na wanaona nini? Mwanamume wa pajama amekakamaa ukutani, mtoto ameshika tumbo, mwanamke ana spana.

"Weka chini!"

Spana ikaanguka yenyewe. "Woiye, msitupige risasi!" nikalia. Mmoja wao, Mkongo, akasikia Kiswahili, akashusha bunduki.

"Mama, kuko nini hapa? Mwizi iko wapi?"

"Hakuna mwizi, ndugu yangu. Ni gwaride."

"Gwaride ya nani?"

Nikamnyooshea Mumbi kidole. Akamwinamia Mumbi. "Mtoto, uko sawa? Nani amekutisha?"

Mumbi Kiswahili anakielewa, ila hujibu kwa Kiingereza. Kila siku namgombeza kwa hilo. Leo hii kikamtoka safi kabisa:

"Hakuna mwizi. Hii ni shule. Mama alinitoa kwa ile ya kupigiwa kelele, halafu akaileta hapa nyumbani."

Yule askari mwingine hakujua lugha, lakini mwenzake alipomtafsiria alicheka mpaka akaishikilia boneti ya gari. Jirani naye getini, amejaa tele. Mkongo hakucheka. Alinitazama tu, akasema, "Eish, mama," wakaondoka. Aki ningepata shimo ningeingia. Lakini aibu ya bunduki ilipita haraka. Ile ya maneno ya Mumbi bado inaniuma, kwa sababu mtoto hakusema uongo hata neno moja.

"Mwalimu mkuu," Baba Mumbi akanong'ona, bado yuko wima, "naomba ruhusa niende mkutanoni."

Nikaishusha rimu. Nikawajibu watu wa mtaala kwamba tunachukua wa pili, tukaingia jikoni. Mumbi akapima unga, akakadiria chapati ngapi zitatoka, akakosea, akacheka, akapima upya. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu mwaka uanze. Nikamuuliza, "Na tumbo?"

"Tumbo gani?"

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hawakusema kitu kuhusu mama anayefunzwa na mwanawe mbele ya askari.

Rimu ninaigawa bure, anayeitaka aje. Ila kicheko akimalize nje ya geti.