Siku Ukwe Uliposimamishwa Stesheni

Kabla hapajapambazuka, Milka Atyang alisikia kopo la maziwa likiwekwa mlangoni pake, polepole sana, halafu miguu ya mtu ikikimbia. Akatabasamu gizani. Wezi hukimbia na kitu. Huyu alikimbia baada ya kuacha kitu. Alikuwa Wekesa, mume wa binti yake Wilkista, na alikimbia kwa sababu ya heshima, maana mkwe hakutani na mamamkwe mlangoni.

Jua lilipotoka, Landrova ya tarafa ilipita na spika juu ya paa. Ilitangazia wakazi wote wa upande huu wa Malaba, wakulima, wafugaji, madereva wa malori na maturniboi wao wa kupakia mizigo, kwamba imeundwa Kamati ya Kupanda na Kushuka. Lengo la kamati, ilisema spika, ni kuhakikisha kwamba hakuna mlemavu atakayeshindwa kupanda gari la moshi, na kwamba yule atakayeshindwa ashindwe kwa utaratibu. Kamati ilikwisha kupata mwenyekiti, makamu, katibu, mweka hazina na wajumbe. Kilichokosekana ni mlemavu. Anaombwa mmoja, wa kujitolea, mwenye adabu, awe mshauri.

Milka aliona ni jambo la huruma sana watu wakubwa hivyo kumkumbuka. Alitwaa magongo yake, akaenda.

Alikuwa na haja yake. Dada yake Akurut alikuwa amelazwa hospitali ya misheni huko Bungoma, na hali yake haikuwa ya kuchezewa. Kila gari la moshi lililotoka huko lilileta salamu mdomoni mwa gadi: mwambieni Milka aje nimwone. Milka hakuwa amekwenda. Miguu yake ilipooza tangu utotoni, na stesheni yetu ndogo haikuwa na sakafu ya kupandia, ni changarawe tu; kipandio cha behewa kilimfika kifuani. Aliwahi kupanda lori mara moja, maturniboi wakampakia juu ya magunia kwa upole wote waliokuwa nao, na mgongo wake ukauguza upole huo hadi msimu wa kupalilia.

Zamani haikuwa shida. Kanuni ilisema abiria asibebwe na mtu asiye mtumishi wa reli, na stesheni ilikuwa na watumishi wawili. Stesheni masta, Mzee Nathaniel, alikuwa na mgongo mbovu. Wa pili alikuwa Wekesa, kijana mwenye mabega mapana, aliyekuwa akimwinua Milka na kumketisha kwenye behewa kama mtu anayeweka mayai. Ndipo Wekesa alipomwoa Wilkista. Tangu siku ile hangeweza kumgusa Milka hata kwa ncha ya kidole. Akimwona anakuja, aligeuka na kuongea na nguzo ya taa.

"Wewe nguzo," husema, "mwambie mama gari limechelewa, aketi kivulini."

"Nguzo," Milka hujibu, "mwambie baba maziwa yalikuwa matamu."

Huo ulikuwa mwaka uliofuata ule ambao reli ya Afrika Mashariki iligawanywa, kila nchi ikaondoka na mabehewa yake. Watu walikuwa na mazoea ya kugawanya vitu, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bwana Callistus Ochom, afisa wa tarafa, mtu wa suti ya kijivu na sauti ya kanisani. Alimpa Milka kiti chenye mto na yeye mwenyewe akahamia juani. Milka alikumbuka jambo hilo daima, na hakupenda mtu amseme vibaya Bwana Ochom mbele yake.

"Mshauri," alisema Bwana Ochom, "tueleze changamoto zako za kimsingi, kwa muhtasari, bila malalamiko."

Milka alieleza. Alimtaja dada yake, kipandio na Wekesa.

"Huyo Wekesa ana nguvu?"

"Ana nguvu sana, mzee."

"Anaruhusiwa na reli?"

"Anaruhusiwa."

"Basi kwa nini asikubebe?"

"Ni mkwe wangu, mzee."

Katibu aliliandika neno hilo. Halafu Bwana Ochom aligonga meza kwa furaha ya mtu aliyeona dhahabu shambani.

"Mabwana, mmesikia? Tulidhani tatizo ni ngazi. Ngazi haina kosa. Tatizo ni ukwe."

Wajumbe waliona kweli. Ngazi ingehitaji seruji, na seruji ingehitaji kibali kutoka mbali. Ukwe ulikuwa hapahapa. Baada ya kunywa chai, kamati ilipitisha azimio: kuanzia tangi la maji hadi nguzo ya mwisho ya taa, katika saa za kazi, mahusiano yote ya ukwe yamesimamishwa hadi taarifa nyingine. Mtu na mamamkwe wake wakiwa ndani ya eneo hilo watahesabiwa kama raia wasiofahamiana.

"Na aibu, mzee?" Milka aliuliza. "Aibu yake huyo kijana itasimamishwa na nani?"

"Aibu si idara yetu," alisema Bwana Ochom kwa upole. "Lakini nitaandika kwa wanaohusika."

Mzee Nathaniel akainua mkono. "Na kama Wekesa ameenda kuinua bendera kule mbele, gari limesimama, nani atabeba?"

Bwana Ochom alisimama. Alipenda kusimama.

"Mtumishi yeyote wa umma," alisema, "aliye karibu zaidi na mlango wa behewa. Bila kujali cheo. Hata mimi."

Walipiga makofi. Milka naye alipiga, ingawa ilibidi kwanza alaze magongo.

Landrova ilitangaza azimio lote hadi Malaba, na siku ya uzinduzi stesheni ilifurika. Lilijengwa jukwaa la mbao nene, likafungwa vitambaa vya rangi, na juu yake wakaketi kamati na wageni wao kwenye viti vya kuegemea. Mawakala wa forodha walifunga ofisi zao mpakani wakaja kutazama. Maturniboi walipanda juu ya mabehewa ya mizigo. Ratiba ilikuwa rahisi: gari litasimama, Wekesa atambeba mamamkwe wake hadharani, hotuba, soda.

Wekesa alisimama kwenye changarawe na yunifomu iliyopigwa pasi na Wilkista. Jasho lilimtoka kama mtu aliye jikoni. Milka alikuwa na kikapu: kuku mmoja aliyekaangwa, mtama, shuka safi. Alijua akikosa gari hili, lingine litakuja, lakini hakujua kama Akurut angelingoja.

Gari likaja kutoka Malaba, likasimama, likatoa moshi.

"Tekeleza," aliita Bwana Ochom kutoka jukwaani.

Wekesa alipiga hatua moja, akasimama. Akatazama nguzo.

"Nguzo," alisema kwa sauti ndogo, "mwambie mama mikono imekataa."

"Boss, nguzo imesimamishwa kazi pia," turniboi mmoja alipiga kelele kutoka juu. "Ongea na mama."

Watu walicheka. Milka hakucheka. Aliwaza juu ya kopo la maziwa, na mtu anayeamka usiku, wengine wote wakiwa wamelala, ili aliache bila kuonekana. Kama angesema neno moja, kijana angemwinua, na hangeinua tena uso wake kijijini.

"Mwacheni," alisema. "Gari liende."

Ilimuuma kusema. Alitazama kikapu ili asitazamwe machoni.

Bwana Ochom alishuka jukwaani kwa hasira, akaenda hadi mlangoni mwa behewa, amwonyeshe Wekesa mahali pa kusimama.

"Unasimama hapa," alisema. "Unanyoosha mikono hivi. Kuna ugumu gani? Ukwe haupo. Ningekuwa wewe, mimi ningebeba."

"Basi beba," ilisema sauti juu ya kichwa chake.

Mlangoni mwa behewa alikuwa amesimama mwanamke mnene, aliyevaa gomesi ya zambarau, mwenye miguu iliyovimba kama mito ya kulalia. Alikuwa Mama Truphena Aluka, mzazi wa mke wa Bwana Ochom. Alipandia Malaba akija kumjulia hali binti yake.

"Nashuka hapa," alisema. "Na goti hili halishuki lenyewe. Nilisikia Landrova yenu."

Bwana Ochom alifunika uso kwa karatasi za hotuba. Alirudi nyuma, akajigonga kwa Wekesa, akajificha nyuma yake. Kutoka huko alinong'ona, "Mshauri. Tafadhali mwambie mama karibu sana, lakini angoje kidogo."

"Mama," alisema Milka, "anasema karibu, ungoje kidogo."

"Mwambie mimi hapa ni raia asiyemfahamu. Au lile tangazo lilikuwa la wakwe wa watu wadogo?"

"Anauliza, mzee, kama tangazo lilikuwa la—"

"Nimesikia," alisema Bwana Ochom.

Mama Truphena alinyoosha mikono miwili mbele, tayari kubebwa. Juu ya mabehewa maturniboi walinyamaza kwa mara ya kwanza tangu mpaka ufunguliwe. Mzee Nathaniel, ambaye kanuni alizijua, alisogea pembeni ili asije akawa karibu zaidi na mlango. Wajumbe wa kamati nao walianza kusogeza viti vyao nyuma, taratibu, kwa sababu hiyohiyo.

"Mbao," alisema Bwana Ochom.

"Mbao gani, mzee?"

"Hizo mlizokalia. Zote. Leteni."

Wageni walisimamishwa. Vitambaa vilichanwa. Makamu mwenyekiti alibaki amekumbatia kiti chake penye majani, kama mtu aliyeokolewa mafurikoni. Mbao ziliegemezwa mlangoni mwa behewa moja baada ya nyingine, zikashikiliwa na mawe, na kazi ambayo kamati ilikuwa imeijadili tangu mvua za kwanza iliisha kabla gadi hajapuliza filimbi.

Mama Truphena alishuka kama malkia, taratibu, akishikilia hewa. Alipofika chini alimpisha Milka.

"Panda, mwanangu. Zinanesa kidogo, usiogope."

Milka akapanda. Magongo yaliita kwenye mbao, tok, tok. Upande wa chini Wekesa alipiga goti, akazikandamiza mbao kwa mikono yake yote miwili zisiteleze, uso ameugeuzia kwenye tangi la maji mpaka mwisho. Hakugusa ila mbao. Milka alipoketi, aliona kwamba kikapu kilikuwa kimeshafika miguuni pake, na hakuona nani aliyekileta.

Taarifa iliyopelekwa juu ilisema uzinduzi ulifana na majukwaa ya viongozi sasa hujengwa kwa madhumuni mawili. Azimio la ukwe lilifutwa alasiri ileile, bila chai. Mbao hazikuondolewa. Mama Truphena hakusema atarudi kwao lini, na hakuna mtu katika tarafa nzima aliyethubutu kumwuliza. Kwa hiyo Bwana Ochom aliamuru zibaki hapo, zipakwe lami zisioze, na kamati tangu hapo ikawa inakutana ikiwa imeketi chini kwenye majani.

Milka alifika Bungoma mchana, stesheni yenye sakafu ya kushukia. Muuguzi mmoja, ambaye hakumjua, alimsogezea benchi hadi kando ya kitanda bila kuombwa. Akurut alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa. Alimshika dada yake mkono, akampapasa begani na mgongoni.

"Nani alikupandisha?"

"Hakuna. Nilipanda."

Akurut alitafuna kipande kidogo cha kuku. Walizungumza juu ya ng'ombe, juu ya Wilkista, juu ya watu waliokufa na waliokataa kufa. Kengele ya wageni ilipolia, Akurut hakuuachia mkono.

"Kama ni hivyo," alisema, "uje tena Jumapili. Uje mapema, tukae."